Idara ya picha ya hospitali ya chuo: niliyoyaona nikimuuguza mama mdogo

Nawaandikia watu wa Tanga wenye mgonjwa aliyepewa rufaa ya kwenda idara ya picha ya hospitali ya chuo kikuu, iwe kwa CT scan (mashine inayopiga picha za ndani ya mwili kwa mionzi) au kwa kuwekewa mrija wa figo, nao wanasitasita. Nendeni. Mimi ni fundi cherehani wa Ngamiani, sina ndugu daktari wala muuguzi. Niliyempeleka ni mama mdogo, ndiye aliyenilea baada ya mama kufariki. Jina la hospitali nimeliacha kwa sababu bado anatibiwa pale, na humu nina ya kusifu na ya kulaumu.

Neno linalozunguka mtaani kwetu ni kwamba ukienda hospitali ya chuo "utafundishiwa". Yaani wanafunzi watakuzunguka, watakuchoma sindano kwa kujaribu, na mkubwa wao atatokea mwishoni kutia saini tu. Mama mdogo alilisikia hilo msibani, akalisikia tena sokoni, na barua ya rufaa ilipotoka akasema afadhali afie chumbani kwake Makorora. Nimekaa naye pale idarani vya kutosha kusema kinyume chake. Alihudumiwa vizuri kwa sababu palikuwa na watu wanafundishwa.

Ugonjwa wenyewe ni saratani ya mlango wa kizazi. Ilikuwa imeshajulikana kabla figo hazijaingia kwenye habari. Halafu miguu ikaanza kuvimba, mkojo ukapungua, kichefuchefu hakikatiki, na kila damu ikipimwa kreatinini, yaani taka ambayo figo hutakiwa kuitoa kwenye damu, imepanda. Daktari alituchorea kwenye karatasi: mirija miwili inayoshusha mkojo kutoka kwenye figo hadi kibofuni inapita karibu sana na mlango wa kizazi, na uvimbe ukikua unaiminya. Mkojo unakosa pa kwenda, unarudi juu, figo zinajaa na kutanuka. Na dawa ya saratani aliyopangiwa, sisplatini, yenyewe ni nzito kwa figo; hawampi mtu ambaye figo zake zimeshazidiwa. Kwa hiyo matibabu yote yalikuwa yamesimama yakisubiri mkojo upate njia.

Tulipanda basi la alfajiri pale stendi ya Kange. Safari hiyo kwa mgonjwa wa figo ni adhabu, na sitaki kuirefusha hapa. Niseme tu kwamba mkoa wenye watu zaidi ya milioni 2.6, kwa sensa ya 2022, unastahili huduma hii ifike karibu zaidi.

Kitu cha kwanza nilichokipenda ni kwamba hawakukimbilia mashine kubwa. Mimi nilikuja na akili ya CT scan, nikidhani kipimo kikiwa ghali ndiyo bora. Daktari anayesomea ubingwa, kijana mpole aliyemwamkia mama mdogo shikamoo kabla hajagusa faili, alimlaza akampaka jeli mgongoni na ubavuni, akamwangalia kwa ultrasaundi. Haina mionzi, haihitaji dawa ya mshipani, na ndani ya muda mfupi alikuwa ameziona figo zote mbili zimejaa. Akamwita mwalimu wake. Mwalimu akachukua kile kifaa, akapita upya mwenyewe kutoka mwanzo bila kuuliza kijana ameona nini, halafu ndipo akamwambia, "Haya, sema wewe." Kijana akasema. Mwalimu akaongeza jambo moja kuhusu unene wa nyama ya figo ya kushoto, kwamba bado upo wa kutosha, figo inaweza kurudi. Niliyasikia hayo kwa masikio yangu. Kwingine kote tulikopita, jicho lililomwangalia mama mdogo lilikuwa moja.

CT scan wakaikataa kwa siku ile. Dawa inayopitishwa mshipani ili picha ionekane vizuri hutolewa na figo, wakasema, na figo zilizoziba si za kuongezewa kazi. Mrija kwanza, picha baadaye.

Sasa huu mrija. Wengi mnaouliza dukani mnauliza huu. Yule kijana alituletea mmoja ndani ya pakiti yake, na mwingine uliokwisha muda wake wa matumizi ambao wanautumia kufundishia, akampa mama mdogo aushike. Ni mwembamba, laini, na ncha inayokaa ndani ya figo imejikunja mduara, yenye matundu madogo ya kupitishia mkojo. Ndani yake mumepita uzi. Ukiuvuta uzi kwa nyuma, ule mduara unajifunga na mrija hauwezi kuchomoka, kama uzi wa kiunoni unavyofunga suruali ya kulalia. Nikauvuta, nikauachia, nikauvuta tena. Kazi yangu ni nyuzi, na nawaambia aliyeubuni alifikiri. Kijana akatueleza kwa nini alitaka tuujue uzi ule: mrija ukitakiwa kutolewa ni lazima uzi uachiwe kwanza, kwa hiyo asije mtu akauvuta nyumbani wala kwenye zahanati isiyoujua. Elimu ya namna hiyo, ya kumshikisha mgonjwa kitu mkononi kabla hakijaingia mwilini mwake, sijaiona kwingine.

Ndani ya chumba sikuingia. Niliyo nayo ni ya mama mdogo mwenyewe, ambaye alikuwa macho muda wote. Walimlaza kifudifudi na mto chini ya tumbo, wakampiga ganzi mgongoni, na kilichomuuma ni ile sindano ya ganzi. Baada ya hapo alisikia kusukumwa tu. Figo ya kulia alifanya mwalimu, akisema kwa sauti kila anachokifanya: hapa naitafuta njia kwa ultrasaundi, hapa naiona ncha ya sindano, hapa mkojo umetoka, sasa napitisha waya, sasa napanua, sasa mrija unapita juu ya waya. Wakatumia na mashine ya eksirei yenye mkono, ile inayoonyesha picha ikitembea, kuhakikisha mrija umekaa penyewe. Ya kushoto akafanya kijana, mwalimu kasimama begani kwake. Mama mdogo anakumbuka maneno aliyoambiwa kijana: "Usisogeze sindano kabla hujaiona ncha yake. Kama huioni, simama." Akasimama kweli, akatafuta, akaiona, akaendelea. Tofauti kati ya kulia na kushoto, anasema, ni muda peke yake.

Nimefuatilia habari za fani hii tangu siku ile. Madaktari wake wanatibu wakiongozwa na picha, bila kupasua: wanatoa usaha kwenye ini, wanafungua njia ya nyongo, wanaziba mshipa unaovuja damu, wanachukua kinyama cha kupima. Hapa nchini ubingwa bobezi wa kazi hii ulianza kufundishwa Muhimbili mwaka 2019, walimu wakitoka nje ya nchi, Chuo Kikuu cha Yale cha Marekani kikiwemo, wakija kwa zamu kufundisha papo hapo badala ya vijana wetu kupelekwa mbali kutazama. Mpango huo ni wa busara. Daktari aliyejifunza kwenye chumba chetu, kwa vifaa vyetu na wagonjwa wetu wanaofika wamechelewa, anajua la kufanya umeme ukizimika na waya unaofaa ukikosekana.

Mkojo ulianza kujaa kwenye mfuko uliounganishwa na mirija, nje ya mwili, jioni ile ile. Kreatinini ikaanza kushuka. Ilipofika walipopataka, ndipo tukarudi kwa CT scan.

Hapa nina la kusema kuhusu vituo binafsi. Miezi ya nyuma tulikuwa tumepiga CT kwenye kituo kimoja cha kulipia, tukapewa bahasha kubwa yenye filamu mbili na majibu ya mistari mitatu. Hospitali ya chuo wakaziinua kwenye mwanga, wakasikitika. CT ya tumbo na nyonga hutoa picha mamia kwa mamia, vipande vyembamba kutoka kifuani hadi mapajani, na kwenye filamu zetu palikuwa na vichache tu alivyovichagua mtu fulani. Tulipowapigia kituo kuomba zilizobaki, wakasema zimeshafutwa. Kipimo kikarudiwa. Fedha ikaenda mara mbili, lakini kinachonikera zaidi ni mionzi. Daktari alituambia waziwazi: CT kama hii ni milisiveti (kipimo cha mionzi) 8 hadi 10, ilhali eksirei ya kifua haizidi 0.1, na kuishi tu duniani kunampa mtu wastani wa 2.4 kwa mwaka. Kwa mama wa umri wake mwenye saratani, faida inazidi hatari, na akatueleza kwa nini. Ila kurudia kwa sababu mtu hakuhifadhi faili ni uzembe. Popote mtakapopiga CT au MRI, msiondoke bila CD au faili yenye picha zote, na ripoti yenye jina la aliyeisoma.

Kabla ya CT kuna maswali, na kwenye maswali hayo ndipo nilipoamini kabisa kwamba mafunzo yanamsaidia mgonjwa. Msichana anayesoma alimuuliza mama mdogo kama kuna chakula kinachomdhuru. Mama mdogo akasema kamba: akila kamba midomo inavimba na mwili unawasha. Mtoto wa pwani usiyeweza kula kamba, ni mtihani. Msichana akaweka kalamu chini, akasema basi dawa ya mshipani haitafaa, kwa kuwa ina ayodini, na viumbe vya baharini vina ayodini. Ningekuwa peke yangu ningekubali, maneno hayo nimeyasikia mara nyingi. Bingwa aliyekuwa meza ya pili akainuka. "Swali zuri, ila usimnyime dawa kwa jibu hilo. Anayedhurika na kamba anadhurika na protini ya kamba, si na ayodini. Uliza kama amewahi kudhurika na dawa hii hii. Uliza pumu. Uliza kisukari, na vidonge gani anameza. Halafu tazama kreatinini ya leo, si ya wiki iliyopita." Akamgeukia mama mdogo, akamwambia kwamba hiyo ayodini ndiyo ile tunayoiita madini joto ya kwenye chumvi, na chumvi hiyo anaila kila siku haimdhuru. Mama mdogo akacheka kwa mara ya kwanza tangu tuondoke Tanga.

Kwa hiyo akapigwa kwa dawa, na picha ikatoka jinsi ilivyotakiwa. Wangemnyima, tungepata picha hafifu, na pengine safari nyingine.

Mtaalamu wa mionzi aliyekuwa zamu nampa alama zote. Mashine ina sauti iliyorekodiwa inayomwamuru mgonjwa kwa Kiingereza avute pumzi, akaizima, akasema mwenyewe kwenye kipaza sauti: "Mama, vuta pumzi, ishike... haya, pumua." Akamtahadharisha kwamba dawa ikiingia atahisi joto kooni linashuka hadi nyongani, atadhani amejikojolea, na asishtuke, hajajikojolea. Ndivyo ilivyokuwa, neno kwa neno. Nilimuuliza kuhusu kibeji kilichobanwa kwenye koti lake. Kinapima mionzi anayoipata yeye kazini, na hukusanywa kwenda kusomwa na Tume ya Nguvu za Atomiki, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2003. Sasa kila nikimsindikiza mtu eksirei, natupa jicho kifuani kwa mpigaji. Asipokuwa na kibeji, nauliza.

Nikiwa kwenye benchi nilisoma pia historia ya mashine yenyewe. Waliopewa tuzo ya Nobel ya mwaka 1979 kwa ajili ya CT ni wawili: Mwingereza Godfrey Hounsfield, ambaye mashine yake ilimpiga picha mgonjwa wa kwanza London mwaka 1971, na Allan Cormack, mzaliwa wa Johannesburg, ambaye alianza kuifikiria hesabu ya kuunda picha hizo akiwa Cape Town, alikoombwa kusimamia matumizi ya mionzi hospitalini. Hesabu zilizomsaidia mama mdogo zilianza kufikiriwa kwenye hospitali ya bara letu, na mwalimu wa shule atakayesoma hapa awaambie watoto.

Ripoti ilitoka kesho yake. Ina kurasa mbili na majina mawili chini, la anayesoma na la bingwa. Wakatuita kwenye chumba cha giza chenye skrini, wakatuonyesha figo, mirija miwili inang'aa mahali pake, na uvimbe ulipofikia. Hawakutuficha kitu. Mama mdogo akauliza, "Ndiyo mimi huyo?" Akajibiwa, "Ndiyo wewe, mama."

Kuna na utafiti. Walimwomba ruhusa ya kutumia picha na kumbukumbu zake kwenye utafiti wa wagonjwa waliowekewa mirija ya figo, wajue mirija inaziba baada ya muda gani na nani hupata maambukizi. Fomu ilikuwa ya Kiswahili, ikasomwa kwa sauti, ikaachwa kwetu usiku mzima. Mama mdogo alitaka kujua mambo mawili: kama sura yake itaonekana mitandaoni, na kama akikataa watamtoa kwenye foleni. Wakamjibu kwamba jina linaondolewa, kinachobaki ni namba, na akikataa hata katikati matibabu yanaendelea vilevile. Akatia dole gumba. Wagonjwa wa Tanga wakikubali tafiti za namna hii, zikifanywa kwa heshima hii, siku moja majibu yatatokana na miili yetu sisi na maji yetu na joto letu, badala ya kukadiriwa kutoka kwa watu wa mbali.

Ya kulaumu nimeyaweka pamoja hapa. Siku ya kwanza wanafunzi waliingia chumbani wengi, wanaume kwa wanawake, na hakuna aliyemuuliza mama mdogo kama anaridhia, naye amelala mgongo wazi. Nililalamika kwa muuguzi mkuu. Siku iliyofuata waliuliza, na akachagua wabaki wawili, mmoja mwanamke. Ombi la ruhusa lisisubiri mtu alalamike. Magauni ya wagonjwa ni aibu: mengi yamekatika mikanda ya kufungia, mtu mzima anatembea koridoni ameshikilia nyuma kwa mkono, na kama hukuja na kanga yako umeumbuka. Vipande viwili vya kitambaa na dakika chache za cherehani kwa kila gauni, hospitali nzima ingemalizika ndani ya wiki. Mabango ya kuelekeza yameandikwa Kiingereza, na wanaopotea ni hao hao wazee waliokuja na njaa ya kipimo. Na walioambiwa wasile tangu usiku wangeitwa mapema; wa kisukari wanateseka kwenye yale mabenchi.

Malipo yanategemea bima na aina ya kipimo, kwa hiyo sitaji bei. Asiye na uwezo aende ofisi ya ustawi wa jamii asubuhi kabla hajafika dirishani, na awe na barua ya serikali ya mtaa.

Kazi kubwa inaanza mkirudi nyumbani. Mirija ya mama mdogo inabadilishwa kila baada ya miezi 3 hivi. Katikati ya hapo ni mimi na yeye: kumwaga mkojo kabla mfuko haujajaa sana, mfuko ukae chini kuliko figo, bandeji ibadilishwe kwa mikono iliyooshwa, mrija usikunjwe na kanga wala kulaliwa. Homa, damu nzito, au mfuko kubaki mkavu ni hospitali usiku huo huo, msisubiri kukuche. Mifuko ya akiba nunueni kule kule, hapa mjini nimezunguka maduka ya dawa nikakuta mmoja.

Nina ombi moja kwa wakuu wa idara, wa pale na wa vyuo vingine vinavyofundisha kazi hii. Mnawafundisha madaktari kuuweka mrija, na mnawafundisha vizuri. Fundisheni na muuguzi mmoja au wawili wa kila mkoa namna ya kuusafisha, kuutambua ukiziba na kubadilisha bandeji yake, mkawape na ule wa kufundishia wenye uzi wakaushike. Usiku mrija wa kushoto ulipoacha kutiririka, nilizungusha simu mpaka nikampata yule yule kijana, akanielekeza kwa simu kuukunjua pale ulipojikunja chini ya bandeji. Alipokea saa nane za usiku. Isiwe lazima yeye.